Kuzunguka Ziwa Victoria kwa Noah kutokea Tanga, siku 14 na watoto wanne: njia ipi?

Mwana_Makorora

Wakuu, salaam. Likizo ya Juni familia inataka kutoka: watu wazima wawili, watoto wanne (mkubwa miaka 13, mdogo 4), Noah ya otomatiki, siku 14 pamoja na kwenda na kurudi. Nia ni kulizunguka Ziwa Victoria lote: Mwanza, Bukoba, Kampala, Kisumu, Musoma, Mwanza tena, halafu Tanga. Gari lina jina la shemeji na bado lina mkopo, kwa hiyo kadi halisi iko benki.

Naomba wanaozijua hizi njia wanisaidie. Siku zinatosha? Tuanzie upande gani? Mpakani wanataka nini hasa? Na watoto wa kwetu wakiona maji wanavua nguo, sasa ziwani inakuwaje?

---

Segera_Junction

Kwa duara kamili hazitoshi, labda kama watoto unawapeleka kuangalia lami.

Piga hesabu. Tanga hadi Arusha ni kama km 435. Arusha hadi Singida kwa Babati na Katesh kama 330. Singida hadi Mwanza kwa Igunga, Nzega, Tinde na Shinyanga kama 450. Hapo umeshakula 1,200 na ziwa hujaliona. Duara lenyewe ni kama 1,500, kisha 1,200 nyingine za kurudi. Jumla inakaribia 3,900. Na kilomita hizo usizihesabu kwa spidi ya 100: kila kijiji ni 50, matuta yapo, tochi zipo, na kosa moja ni elfu 30. Ukiwa na watoto, weka wastani wa km 55 hadi 60 kwa saa, kusimama kwa choo na chakula kukiwa humo humo. Asiyekubali wastani huo huishia kuendesha usiku, na usiku ndipo penye malori yaliyoharibika bila taa na ng'ombe waliolala barabarani.

Ushauri wangu: usirudi kwa njia uliyoendea. Tanga–Singida–Mwanza–Bukoba–Kampala–Kisumu–Nairobi–Mombasa–Horohoro–Tanga ni kama km 3,200. Mipaka inabaki mitatu, ila badala ya Sirari unapita Horohoro, ambako ukishavuka umebakiza kama km 65 kufika mjini. Unachokosa ni upande wa Migori, Tarime, Musoma na Bunda. Ndiyo, na Butiama pia. Hiyo ipangie safari yake. Kuichomeka hapa ni kuwatesa watu.

Siku zinakaa hivi. Ya 1 Arusha, mkiondoka saa 11 alfajiri. Ya 2 Singida, fupi makusudi, kwa sababu ya 3 ni ndefu mpaka Mwanza. Ya 4 hakuna safari: asubuhi Kisiwa cha Saa Nane kwa boti, jioni Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ambayo iko njia ya Musoma nje kidogo ya mji. Ya 5 Bukoba. Ya 6 pumzikeni Bukoba. Ya 7 vukeni Mutukula mlale Masaka. Msijidanganye kufika Kampala siku hiyo. Ya 8 Masaka–Jinja. Ya 9 Jinja, chanzo cha Nile. Ya 10 Busia na Kisumu. Ya 11 Kisumu. Ya 12 Nairobi, ya 13 Mombasa, ya 14 nyumbani.

Kwa nini kufuata mshale wa saa na si kinyume? Mutukula kuna utulivu kuliko Busia, kwa hiyo mpaka wa kwanza mnajifunza utaratibu pasipo na msururu. Na jua: Mwanza kwenda Biharamulo mnaelekea magharibi asubuhi, linawapiga mgongoni.

Kuna watakaokwambia ukate Ngorongoro na Serengeti utokee geti la Ndabaka, ni karibu. Kwenye ramani, kweli. Lakini unalipa viingilio vya hifadhi mbili, kila moja na mamlaka yake, na ile barabara ya makunyanzi itaifungua Noah nati zote.

---

Kyaka_Mpya

Segera kamaliza, naongeza upande wetu.

Ramani za simu ambazo hazijasasishwa bado zinapeleka watu kwenye vivuko. Kamanga ni kivuko kilichopo mjini Mwanza. Si njia yako. Toka kwa barabara ya Shinyanga mpaka Usagara, kata kulia, utafika Kigongo. Pale pana Daraja la J.P. Magufuli, km 3 juu ya maji, lililozinduliwa Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilikuwa ikila nusu siku ya mtu, sasa ni dakika chache. Kisha Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Jaza mafuta Geita na usiache Biharamulo jua likiwa limeshaanza kushuka. Kuna vipande virefu vya pori ambako kijiji kiko mbali.

Bukoba–Mutukula ni kama km 80. Mnapita Kyaka, daraja la Mto Kagera. Lile la kabla yake lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, mwelezeni huyo wa miaka 13. Jaza tangi upande wetu kabla ya kuvuka, kwa kawaida bei ya Uganda iko juu. Senene msiwaahidi watoto, msimu mkubwa ni Novemba na Desemba.

Baada ya Masaka kuna Kayabwe, mstari wa ikweta. Mtaonyeshwa beseni la maji linalozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Ni mazingaombwe, mkono wa anayemwaga ndio unaofanya kazi. Kuzunguka kwa dunia kunageuza vimbunga, hakuwezi kugeuza maji ya beseni kwa hatua kumi. Picha pigeni.

Kampala msiingie kati. Mkifika Busega kamateni barabara ya mchepuko wa kaskazini, km 21, inawatema Bweyogerere kwenye barabara ya Jinja. Hapo Busega panaanzia pia barabara ya kasi ya Entebbe, yenye tozo. Ukikosea mkono unajikuta unaelekea uwanja wa ndege. Baada ya Mukono kuna soko la Namawojjolo, kuku wa kuchoma na gonja (ndizi tamu za kuchoma) wanaletwa mpaka dirishani. Mlo wa mchana umeisha hapo.

---

Karani_wa_Mpakani

Makaratasi, taratibu, maana hapa ndipo safari nyingi hufia.

*Watu.* Kila mmoja, hata wa miaka 4, awe na pasi yake. Hati ya dharura ya safari inakubalika ndani ya Afrika Mashariki, ila pasi inakupunguzia maswali. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Ule mpango wa kuvuka kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Viza hamhitaji, na kile kibali cha mtandaoni cha Kenya hakiwahusu raia wa Afrika Mashariki. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kama kati ya hao wanne kuna mtoto wa ndugu, kuwe na barua ya wazazi wake iliyoshuhudiwa na wakili.

*Chanjo ya homa ya manjano.* Kadi inaanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, hivyo ukichoma wiki ya safari ni kazi bure. Haiishi muda, ni ya maisha. Usidhani Uganda tu ndio wataitaka. Unaporudi nyumbani ukitokea Kenya, afya mpakani upande wetu nao wanaweza kuidai, kwa watoto pia kuanzia mwaka mmoja.

*Gari.* Hapa ndipo penye shida yako. Kadi iko benki, kwa hiyo unahitaji vitu vitatu: nakala ya kadi iliyothibitishwa, barua ya benki inayosema wanajua gari linatoka nchini na inataja tarehe, na barua ya shemeji yako kukuruhusu, yenye namba ya gari, ya chasisi, jina lako kama lilivyo kwenye pasi, na nchi unazokwenda. Wakili agonge muhuri. Barua ya benki iombe mapema kuliko vyote.

*Bima.* Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Nunua kadi ya COMESA kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Ukipewa, iangalie palepale: nchi zimeorodheshwa, na zile usizolipia zimekatwa mstari. Kenya na Uganda zisiwe zimekatwa. Fahamu kwamba gari lako lenyewe haifidii. Kama Noah ina bima kubwa, omba kwa maandishi iongezwe mpaka nchi hizo. Na kwa kuwa hii nayo watu huiita kadi ya njano, ukiulizwa mpakani uliza kwanza wanataka ya gari au ya chanjo.

*Utaratibu wenyewe.* Mutukula, Busia na Horohoro vyote ni vituo vya pamoja. Maana yake unasimama mara moja tu, kwenye jengo la nchi *unayoingia*. Ukitoka Bukoba usisimame jengo la upande wa Tanzania, pita, vuka mpaka jengo la Uganda. Wasiojua hupoteza saa nzima wakiranda upande usio wao. Ndani: afya, uhamiaji wa nchi unayotoka, uhamiaji wa nchi unayoingia, madirisha yako jirani. Kisha dereva peke yake aende forodha. TRA waandike gari linatoka, na wa upande wa pili wakupe kibali cha muda cha gari. Soma tarehe ya mwisho kwenye kibali kabla hujaondoka dirishani. Kupitiliza siku moja ni faini. Ukitoka nchi ile, hakikisha kibali kimefungwa, na ukirudi nyumbani TRA waonyeshe gari limerudi. Lisipofungwa, linabaki kwenye mfumo kana kwamba limeuzwa huko, na anayekuja kuulizwa ni shemeji.

Vishoka wa getini watakuja na vitambulisho shingoni. Pasi na karatasi za gari haziachi mkono wako. Fedha badilisha dukani ndani ya kituo, upewe stakabadhi.

Na jambo dogo: mifuko ya plastiki Kenya ni marufuku tangu 2017. Kwetu pia tangu 2019, lakini najua iliyomo chini ya viti vya magari yetu.

---

Mwana_Makorora

Mungu awabariki. Basi njia ya Horohoro nimeikubali, Musoma tuiache. Suala la gari: kuna mtu kaniambia Sekenke, ule mlima kati ya Singida na Igunga, inaua breki za Noah. Ni kweli au maneno ya vijiweni? Ni ile Noah ya zamani.

---

Fundi_Ngamiani

Sekenke haiui breki. Anayeziua ni mguu wa dereva.

Mteremko ni mrefu, gari limejaa watu sita na mizigo. Ukikanyaga pedali mfululizo, joto la diski linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu hewani, na Tanga unyevu tunao wa kugawa. Yakishakaa zaidi ya miaka miwili yana maji ndani, maji yanachemka, mvuke unabanwa, pedali inazama. Kwa hiyo: kwanza badilisha mafuta yote ya breki kabla ya safari, yote, si kuongezea, na fundi atoe hewa magurudumu yote manne. Pili, kabla ya kuanza kushuka (kabla, si katikati) bonyeza kitufe cha O/D (gia ya mwisho) kiwe OFF, gari likizidi kasi weka 2. Injini ndiyo ishike. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, iachiwe, ipumue, ikanyagwe tena. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imelainika, tafuta pa kusimama, subiri nusu saa. Usimwagie maji diski za moto, zinapinda.

Noah ya zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Maana yake watu wanaona uvivu kuinua kiti, na oili haiangaliwi mpaka taa iwake. Kila asubuhi ya safari, gari likiwa baridi na limesimama tambarare, inua kiti: oili, kulanti, mkanda. Dakika tano.

Mfumo wa kupoza ndio ugonjwa mkubwa wa hili gari. Wengi wetu tunajaza maji ya bomba, au ya kisima yenye chumvi, na rejeta inaziba taratibu bila wewe kujua, kwa sababu Tanga ni tambarare. Huko unakoenda si tambarare. Osha rejeta, weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, badilisha mfuniko wa rejeta kama raba yake imekauka. Mfuniko mbovu haushiki presha, maji yanachemka mapema, na huko milimani yanachemka mapema zaidi. Minya paipu ya juu na ya chini: ikilia kama karatasi au ikiwa laini kama maini, toa.

Matairi: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyopita miaka sita mimi simpakilii mtu watoto juu yake, hata yawe na meno. Joto na mzigo ndivyo vinavyoyapasua. Upepo pima asubuhi kabla ya kuondoka, kwa namba za kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kipimo cha mzigo kamili. La akiba pia lipimwe. Mizigo mizito chini kati ya viti, juu ya keria magodoro na nguo tu. Ukiweka magunia juu, gari linayumba kwenye kona za Kericho.

Beba: mkanda wa ziada, paipu mbili, klipu, fyuzi, balbu za mbele na za breki, oili lita 1, kulanti lita 5, jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu, kamba. Pembetatu mbili na mtungi wa zimamoto usiopitwa na tarehe, polisi wa nchi zote tatu wataviulizia. Spea za Noah zipo Mwanza. Kampala nenda soko la Kisekka. Bukoba mpaka Masaka usitegemee.

---

Zamu_ya_Usiku

Nitajibu la watoto na maji, kwa kuwa limepitwa.

Hawaogelei ziwani. Wala kutia miguu tu ufukweni. Kichocho cha Ziwa Victoria ni cha tumbo, si kile cha mkojo tunachokijua pwani ya Tanga, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho bila kuona damu kwenye mkojo. Konokono wanaokitunza wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na matete, yaani pale pale mtoto anapopenda. Vijidudu vinapita kwenye ngozi ndani ya dakika chache, na kujifuta taulo si kinga ya kutegemea. Ukiacha kichocho, kuna mamba na viboko. Wakitaka kuogelea, tafuteni hoteli yenye bwawa lenye klorini. Mwanza, Jinja na Kisumu zipo.

Maji ya kuogea kama yamechotwa ziwani, yakikaa kwenye pipa siku mbili vijidudu vimekufa, au yachemshwe. Ya kunywa yachemshwe vilevile au mnunue ya chupa.

Ikitokea wamegusa, msikimbilie dawa kesho yake. Praziquantel inaua minyoo waliokomaa, si wachanga. Subirini wiki 6 hadi 8, wapelekeni hospitali ya Bombo wapimwe choo, na dozi ni kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, kwa hiyo lazima mtoto apandishwe mizani. Mkimnunulia vidonge kwa kukisia umri, mmebahatisha.

Malaria Kanda ya Ziwa ni nyingi. Bebeni vyandarua vyenu vyenye dawa, vya nyumba za wageni vina matundu. Homa yoyote njiani au wiki chache baada ya kurudi ni kipimo kwanza, na mwambieni mpimaji mlikotoka.

Baridi: ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, Singida na Arusha juu zaidi, na kati ya Kericho na Nakuru mnapita juu ya mita 2,500. Mwezi wa Juni. Kila mtoto sweta na soksi ndani ya gari, si kwenye keria.

Boti ya kwenda Saa Nane ni safari fupi, lakini koti la kuokolea la mtoto liwe saizi yake na lifungwe kabla hajapanda. La mtu mzima linamchomoka mtoto akidondoka majini.

---

Karani_wa_Mpakani

Nimesahau mambo mawili ya upande wa Kenya. Busia fikeni asubuhi, msururu wa malori hauwahusu, magari madogo yana njia yake. Msikae nyuma ya lori mkisubiri. Na angalia tarehe za kupita Nairobi: 25 Juni, mwaka 2024 na 2025, na 7 Julai 2025, kulikuwa na maandamano na barabara zikafungwa. Kwa mpango wa Segera, mkiondoka Tanga mwanzoni mwa Juni mtakuwa mmeshapita.

---

Segera_Junction

Hapo sawa. Na siku ya mwisho, yakhe, usijipeleke Likoni kwenye foleni ya feri na watoto wamechoka. Lala Miritini au jirani yake, asubuhi kamata barabara ya Dongo Kundu, unavuka kwa madaraja unatokea Kibundani, barabara ya Ukunda, na Lunga Lunga (upande wa Kenya wa mpaka wa Horohoro) iko mbele yako kabla ya saa nne.